Mzazi Hastaafu Mwana Akishapata Fundi

Ziwa Nyasa halina njia ya meli kutoka baharini. Mto Shire, unaoyatoa maji yake na kuyapeleka Zambezi, una maporomoko ambayo hakuna chombo kikubwa kinachoweza kuyapanda. Ile Ilala ndogo ya wamisionari wa Kiskoti iliyoingia ziwani mwaka 1875 ililetwa vipande vipande, ikabebwa na wapagazi kuyazunguka maporomoko hayo, kisha ikaungwa upya. Tangu siku hiyo mpaka leo, kila meli iliyopita mbele ya ufukwe wetu wa Matema imeundwa au kuungwa ama kwenye ufukwe wa ziwa hili ama kwenye mto huo. Hatuna bahati ya kununua meli ikatufikia ikielea. Huundwa papa hapa, na ikiharibika hutengenezwa papa hapa.

Bandari ya Itungi, hapa Kyela, imeliona hilo kwa karibu. Mwaka 2017 zilikamilika MV Njombe na MV Ruvuma, meli za mizigo, kila moja ya tani 1,000. Mwanzoni mwa 2021 ikafuata MV Mbeya II, ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ndiyo iliyoagiza kazi, na Songoro Marine ya Mwanza ndiyo iliyozijenga. Mabamba ya chuma yalikatwa, yakakunjwa, yakachomelewa, yakapakwa rangi kwenye ardhi ambayo miaka yote ilizoea kuona mtumbwi wa gogo na boti la mbao la wavuvi wa usipa. Watoto walitazama. Swali ninalotaka kuwauliza wazazi wenzangu ni nini tulichowaambia watoto wale walipouliza kazi ile hufanywaje, na nani aliwashika mkono kuwapeleka kwa mtu anayeweza kuwafundisha.

Nauliza kwa sababu tunaisikia wenyewe lugha inayotumika majumbani kwetu. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka na kijana hakufanya vizuri, vikao vya familia huishia kwenye uamuzi mmoja: apelekwe kwa fundi. Uamuzi huo hutolewa kwa sauti ya msiba. Baba haendi, humtuma mjomba. Hakuna anayeuliza fundi huyo amefundisha nani kabla, wala kijana atakaa muda gani, wala atatoka akijua nini. Mtoto anakabidhiwa na mlango unafungwa nyuma yake. Upande wa pili kuna wazazi ambao hawataki hata kusikia. Mtoto mwenye mkono mwepesi na jicho linaloona kipimo bila futi wanamlazimisha njia ya ofisini, mpaka anafika miaka ishirini na mitano hana ofisi na ule mkono umekwisha kupoa.

Mimi nayaona haya mawili kuwa kosa moja. Wote wanaamini kwamba ufundi uko nje ya malezi: ni mahali ambapo malezi yakishindikana mtoto hutupwa. Ninaamini kinyume chake, na ninaamini hivyo kwa sababu ya mambo tuliyokuwa nayo sisi wenyewe kwenye bonde hili.

Babu zetu Wanyakyusa walikuwa na desturi ambayo wageni waliistaajabia sana. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliiandika kwa kirefu. Mvulana akifika miaka kama kumi au kumi na moja, aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na wa rika lake walijenga vibanda vyao pembeni na kuanzisha kijiji chao wenyewe. Walichunga ng'ombe pamoja, wakafundishana ugomvi na upatanisho, wakakua humo mpaka wakaoa, na vijiji vile vikawa vijiji vya watu wazima. Mtu wa mbali angesema hao wazazi waliwaacha watoto wao.

Lakini tazama yaliyobaki. Vijana wale walikula kwa mama zao. Walikwenda kwa kundi, leo nyumbani kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mama alijua idadi ya vinywa. Walichunga ng'ombe wa baba zao, na baadaye wakalima mashamba ya baba zao. Na ulipofika wakati wa kuoa, ng'ombe wa mahari walitoka kwa baba. Umbali ulikuwapo, na uliwekwa kwa makusudi ili kijana ajifunze kuishi na wenzake. Jukumu halikuhama. Mama alimwona mwanawe akila, na mama anayemwona mtoto akila anajua mengi: anajua kama amelala, kama amepigwa, kama ana jambo anaficha.

Upande wa mashariki wa ufukwe wetu, kule Ikombe chini ya Milima ya Livingstone, Wakisi wana namna nyingine. Wanawake wao wanafinyanga vyungu ambavyo kwa vizazi vingi vimesafirishwa kwa mitumbwi na kuuzwa kando ya ziwa na milimani. Binti hujifunza akiwa kando ya mama yake. Kwanza huchota udongo, hukanda, hutoa mawe. Baadaye hupewa kazi ya kulainisha chungu alichofinyanga mama. Siku nyingi hupita kabla hajaachiwa chungu chake mwenyewe, na cha kwanza kikipasuka motoni hakuna anayemfukuza. Yeyote aliyewahi kununua chungu cha Kikisi kwenye gulio la Lyulilo, akakipiga kwa kidole na kusikia mlio wake, amesikia matunda ya malezi hayo.

Basi sisi si watu wasiojua jinsi mtoto anavyokabidhiwa kazi. Tulilijua jambo hili. Tumeliacha kilipokuja chuma.

Historia ya chuma kwenye maziwa yetu ilianza vibaya, na inafaa mzazi aijue. Baadhi ya meli kubwa za mwanzo zilikuwa za mabwana wa vita. Manowari ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliungwa kwenye Mto Shire na kushushwa majini mwaka 1893. Waingereza wakaja na yao, Gwendolen. Tarehe 13 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa Ulaya, Gwendolen iliikuta Hermann von Wissmann huko Liuli, upande wetu wa ziwa, ikiwa imepandishwa kwenye chelezo kwa matengenezo. Ilipigwa ikiwa nchi kavu. Nahodha wake Mjerumani hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza. Watu husimulia kisa hicho kwa ajili ya mzinga na manahodha. Mimi huwafikiria waliokuwa wakifanya kazi chini ya tumbo la meli ile, wakiwa na nyundo mikononi, maana chelezo halifanyi kazi bila watu.

Kule Kigoma, mwaka uliofuata, jambo lilikuwa kubwa zaidi. Meli ya Goetzen, ambayo leo tunaiita Liemba, ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, kwenye karakana ya Meyer, mwaka 1913. Ilifunguliwa yote, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma. Mafundi watatu walitoka Papenburg kuja kuiunga: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Walifanya kazi na mafundi wapatao ishirini wa Kihindi na Waafrika kama mia na hamsini. Tarehe 5 Februari 1915 iliingia majini, na baada ya muda ikapewa mizinga. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isiangukie kwa adui. Waingereza wakaja kuiinua na kuirudisha kazini mwaka 1927. Majina ya Wajerumani watatu yanajulikana. Ya wale mia na hamsini hayakuandikwa.

Ninaamini watu wale walijifunza kitu. Haiwezekani mtu apige ribiti kwa miezi mingi, akiingiza pini ya moto kwenye tundu na kuigonga kabla haijapoa, asitoke na ujuzi mkononi. Lakini waliitwa vibarua, wakalipwa kama vibarua, na kazi ilipokwisha wakarudi makwao bila karatasi, bila cheo, bila mtu wa kusema: huyu ni fundi wa meli. Hilo ndilo jeraha ninalotaka kizazi cha Itungi kiepukane nalo. Meli ikishushwa majini huondoka na fundi mkuu huondoka. Kijana aliyebeba vyuma kwa miezi yote hiyo anaweza kubaki alivyokuwa.

Kwenye karakana zetu nafasi hiyo ya kubeba vyuma ina jina, nalo ni saidia fundi. Saidia fundi hulipwa kwa siku. Anabeba, anashika, anasugua kutu, anapokea amri. Ni mwanzo mzuri kwa mwezi au miwili. Hatari yake ni kwamba kazi hiyo inalipa papo hapo, na nyumba yenye njaa huizoea haraka ile noti ya jioni. Nimeona familia ambazo kijana wao amekuwa saidia fundi mpaka ndevu zikaota. Kila alipotaka kukaa na fundi amfundishe kusoma mchoro, alikumbuka kwamba saa ya kufundishwa hailipwi. Hapa simlaumu kijana. Mzazi ndiye anayepaswa kusema: miezi hii tutakula tulichonacho, wewe jifunze. Kwa wilaya inayovuna mpunga na kuuza kakao, neno hilo linawezekana kwa nyumba nyingi kuliko zinavyokiri. Tunachangia harusi za mamilioni. Miwani ya kuchomelea, futi, viatu vya ngozi na nauli ya mwaka mmoja ni fedha ndogo kuliko gharama ya sherehe moja ya ukumbini.

Tufahamu kazi yenyewe, maana mzazi asiyeijua hawezi kujua kama mwanawe anafundishwa. Mwanagenzi wa meli ya chuma huanza na kupanga vyuma na kuvitambua kwa unene. Anajifunza kupima na kuchora alama juu ya bamba kabla halijakatwa, kwa kuwa bamba likikatwa vibaya hasara hairudi. Hufuata kushikiza, yaani kuweka vituo vidogo vya moto ili vipande visihame. Kisha kuchomelea bamba lililolala, baadaye lililosimama, na mwisho kabisa lililo juu ya kichwa, ambako chuma kilichoyeyuka kinataka kuanguka usoni. Tena kuna siri ambayo wengi hawaielewi kwa kutazama: joto hukunja chuma. Ukichomelea mfululizo kutoka ncha hii mpaka ile, ubavu wa meli unajipinda. Fundi anayejua huruka, anachoma kidogo huku, kidogo kule, akiuachia moto nafasi ya kupoa. Hayo hayaelezwi kwa wiki tatu. Huko Ujerumani, kijana anayejifunza ufundi wa kuunda vyuma vya meli kwenye mfumo wao wa kazi na shule hukaa miaka mitatu na nusu. Anayemwahidi mzazi wa Kyela kumfanya mwanawe kuwa fundi kwa miezi sita anauza kitu asichokuwa nacho.

Na kuna uadilifu wa kazi, ambao kwangu ndio kiini cha malezi yote haya. Mshono wa chuma unaweza kuwa mzuri juu na mtupu ndani. Rangi ikishapita, jicho la kawaida haliujui. Anayeujua ni aliyeuchoma. Sisi tunaosafiri kwenda Lupingu, Manda na Mbamba Bay tunalaza watoto wetu juu ya mishono hiyo wakati upepo wa kusi umechafua ziwa. Nchi hii imekwisha kuzika watu wengi wa majini, wa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na wa MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018. Vyombo vile havikupinduka kwa sababu ya mchomeleaji, na sitaki kumtwika yeyote msiba usio wake. Nasema tu kwamba kwenye maji, ulegevu wa mtu mmoja kazini hulipwa na watu wasiomjua. Kijana aliyezoezwa nyumbani kusema "baba, chungu nimekivunja mimi" ndiye atakayeweza kusema mbele ya fundi mkuu, "mshono huu sijauridhia, niukate niurudie." Hakuna chuo kinachoanza kumfundisha mtu hilo akiwa na miaka kumi na minane. Chuo hulikuta, au hakilikuti.

Macho nayo. Mwanga wa moto wa kuchomelea unaunguza ngozi nyembamba ya jicho, na maumivu hayaji pale pale. Huja usiku, saa kadhaa baadaye, kama mchanga uliomwagwa chini ya kope. Mama mmoja wa huku kwetu aliwahi kuniambia kwamba mwanawe alikuwa analia usiku na yeye akadhani ni mambo ya kurogwa, kumbe kijana alikuwa anashika vyuma pembeni ya mchomeleaji bila miwani, kwa kuwa miwani ilikuwa moja tu, ya fundi. Moshi wa chuma kilichopakwa zinki huleta homa inayofanana na malaria. Kuingia ndani ya tangi la meli lililofungwa bila kupitisha hewa kwanza kunaweza kuua kimya kimya. Mzazi hahitaji kuwa mhandisi kuyauliza haya. Aende karakanani asubuhi moja, asimame, ahesabu miwani. Kama vijana ni sita na miwani ni miwili, amepata jibu alilolifuata.

Kuna methali ambayo mafundi wakali huipenda: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni methali ya kweli, na imetumika vibaya. Iliwahusu wazazi wanaoogopa kumkataza mtoto jambo baya. Haikutungwa kumruhusu mtu mzima amtupie kijana nyundo, au amnyime chakula kutwa nzima, au amtume kumfulia nguo na kumlindia mji kwa mwaka mzima huku akiita hayo mafunzo. Ukali wa kazi upo na unafaa. Fundi akivunja kazi mbovu ya mwanafunzi na kumwamuru aanze upya, amemheshimu. Fundi akimvunjia utu, mzazi ana haki ya kumchukua mwanawe siku hiyo hiyo, na asikubali kuambiwa kwamba wote walipita njia hiyo.

Sheria iko upande wa mzazi, ingawa wachache wameisoma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina sehemu inayohusu uanagenzi hata ule wa mitaani: inamtaka mzazi au mlezi afanye makubaliano na fundi, na inamweka fundi kuwa mwenye jukumu la usalama wa mtoto na mwenendo wake, si kazi pekee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kiwandani au kuwa baharia, yaani mle ambamo hatari ni ya watu wazima. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, na kufungua mkondo wa amali katika sekondari. Kwa maana hiyo, mtoto wa miaka kumi na nne mahali pake ni darasani. Jumamosi na likizo anaweza kwenda kwa mchongaji mtumbwi au mtengeneza maboti, ashike tezo, ajue kukalafati, azoee kunyamaza na kutazama. Kukaa kwa fundi moja kwa moja kungoje.

Napenda sana mfano mmoja wa mbali kuhusu hili. Mwaka 1843 Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilianzisha shule ndani ya karakana zake za kuunda manowari. Vijana waliokuwa wanagenzi walishika kazi na pia wakakaa darasani kujifunza hesabu na kuchora, na waliofanya vizuri zaidi walisongezwa mbele hata kuwa wasanifu wa meli. Shule zile ziliendelea kwa zaidi ya karne. Mtoto wa seremala aliingia kwa mlango wa mkono na kutoka kwa mlango wa akili, na hakuna aliyeona milango hiyo kuwa ya nyumba mbili tofauti. Hesabu za pembe na ujazo tunazowaambia watoto kwamba "hazitawasaidia ufundini" ndizo zinazoamua kama meli itasimama majini au italala ubavu.

Kazi zenyewe zipo katika ukanda huu. Kenya ilianzisha shirika la Kenya Shipyards mwaka 2020 chini ya Wizara ya Ulinzi, lenye karakana Mtongwe, Mombasa, na Kisumu, ambako wanajeshi na raia walijenga MV Uhuru II kwa kushirikiana na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Mwanza, mwezi Februari 2023, ilishushwa majini MV Mwanza, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyojengwa na Wakorea pamoja na Watanzania. Meli tatu za kwetu Nyasa nazo zina umri unaosogea. Chuma kilicho majini hakingojwi. Kila baada ya muda lazima kichunguzwe, kisuguliwe, mabamba yaliyoliwa yakatwe na kuwekwa mengine. Nani atafanya hivyo hapa Kyela miaka kumi ijayo? Kama ni watu wa kutoka mbali kila mara, basi ni sisi wazazi tulioamua hivyo.

Nami siwezi kusema "vijana" nikawa namaanisha wavulana tu. Kuchomelea hakutaki kifua kipana. Kunataka mkono usiotetemeka na subira, na hivyo viwili mabinti waliolelewa pembeni ya wafinyanzi wa Ikombe wanavyo tangu utotoni. Ila mzazi wa binti ana maswali zaidi ya kuuliza, na ayaulize bila haya: choo kiko wapi, jioni anarudi na nani, fundi ni mtu wa namna gani watu wasipomtazama. Akiridhika, amwache. Kumzuia kwa sababu majirani watacheka ni kuwapa majirani kazi ya kulea.

Kumchagua fundi ni kazi ya siku nyingi. Usitazame ukubwa wa karakana wala idadi ya mashine. Tafuta waliopita mikononi mwake, uwaulize wako wapi. Fundi ambaye wanafunzi wake wa zamani wana kazi zao na bado wanakuja kumsalimia ni mwalimu. Fundi aliyezungukwa na vijana waliokaa naye miaka sita na ambao wote bado wanashika tu vyuma, ni mwajiri wa bei rahisi. Kaa naye, andikisheni: muda gani, kujifunza nini kwanza na nini baadaye, nani ananunua vifaa, chakula cha mchana ni cha nani, akiumia nani anampeleka hospitali, lini ataanza kupewa chochote, na ruhusa ya kwenda kwenye mtihani wa ufundi. Mashahidi wawili, na nakala moja ibaki kwa kijana mwenyewe. Kisha mzazi arudi kila mwezi. Asiende kumwaibisha fundi. Aende kumsalimia, apeleke ndizi au mchele kidogo kama desturi, amwombe mwanawe aoneshe alichofanya. Kijana anayejua kwamba mwisho wa mwezi baba yake atasimama mbele ya mshono wake, hushona kwa namna nyingine.

Limebaki jambo la fundi mwenyewe. Wengi wa wazee wanaotengeneza maboti kwenye fukwe zetu, pamoja na wachomeleaji wazuri wa Kyela mjini na Ipinda, hawana cheti. Walifundishwa na baba zao au na kazi. Mwanagenzi akitoka kwao anatoka na ujuzi ambao hakuna ofisi inayoutambua, na akienda kuomba kazi kwenye chelezo la Mwanza anaambiwa alete karatasi. Serikali kwa miaka kadhaa sasa imekuwa na mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa kazi anayoifanya, anapewa mafunzo mafupi ya kuziba mapengo, kisha anapewa cheti kinachotambulika. VETA wanausimamia, na chuo chao cha mkoa kiko Mbeya, safari ya saa chache kwa basi. Halmashauri nazo zinatenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na kikundi cha mafundi wanaotambulika kinapoomba mashine ya kuchomelea kina la kuonesha. Wazazi wenye watoto kwa fundi mmoja wanaweza kukaa pamoja, wakamchangia mzee huyo nauli na siku za kazi atakazozikosa, aende akapimwe kwanza yeye.